Onyo Lifike Hadi Nyumba ya Mwisho

(Hotuba tuliyoitoa katika semina ya siku moja ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatutazungumza habari ya kuku wala mikopo. Tutazungumza habari ya upepo na maji. Twajua baadhi yenu mtasema, "Hayo ni mambo ya watu wa mbali." Basi tusikilizane kwanza, halafu kila mmoja aamue mwenyewe kama ni mbali.

Mwezi wa Machi 2019 nchi ya Msumbiji ilipigwa na kimbunga kilichoitwa Idai. Kimbunga hiki kilikuja mara mbili. Mara ya kwanza, mwanzoni mwa mwezi, kilikuwa zaidi mvua kuliko upepo. Kiliingia bara, kikamwaga maji Msumbiji na Malawi, watu wakafa kwa mafuriko, kisha kikageuka kurudi baharini. Bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska ilikuwa na joto, na joto la bahari ndilo chakula cha kimbunga. Kikala, kikashiba, kikapata nguvu. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi kikarudi, kikaingia nchi kavu karibu na Beira, mji wa bandari wenye watu kama nusu milioni. Upepo ulikwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, mnamwambia dereva apunguze, si kweli? Huu upepo ulikuwa mara mbili ya hapo.

Mabati yaliruka kama karatasi. Stima ilikatika, simu zikanyamaza, barabara kuu ya kwenda bara ikakatwa na maji. Mji mzima ukawa kama kisiwa.

Lakini jambo tunalotaka mlishike ni hili: upepo ulikuwa wa usiku mmoja. Maji yaliua baada yake. Mvua ilinyesha milimani, hata ng'ambo ya mpaka nchini Zimbabwe. Huko Chimanimani, kama kilomita 200 kutoka baharini, mawe na matope yaliteremka usiku yakafunika nyumba za watu. Mamia walikufa au hawakuonekana tena. Maji hayo yakashuka kwa mito ya Buzi na Pungwe, yakajaza nchi tambarare ya pwani wakati upepo umekwisha kutulia. Mashamba yakawa ziwa. Watu walipanda juu ya mapaa na juu ya miti, wengine wakakaa huko siku kadhaa pamoja na watoto wao. Na kabla ya helikopta kufika, wengi waliokolewa na majirani na wavuvi wenye mitumbwi.

Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli. Lakini dalili ya mafuriko yaweza kuwa mvua iliyonyesha kwa jirani usiyemjua, na mbingu ya kwako ni nyeupe.

Sasa tuhesabu hasara. Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600, na katika nchi zote tatu zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 200,000 zilibomoka au kuharibika. Mashamba zaidi ya hekta 700,000 yaliharibiwa, na mahindi yalikuwa yamekaribia kuvunwa. Ninyi ni wakulima, mnaelewa maana yake. Chakula cha mwaka kimeoza, na mbegu ya mwaka ujao ilikuwa ndani ya chakula hicho hicho. Na mvuvi aliyepoteza mtumbwi na nyavu, hata bahari ikitulia ataingia na nini?

Halafu kipindupindu. Hakikukawia hata wiki mbili. Waliugua watu zaidi ya 6,000. Lakini hapa kuna habari njema: waliohesabiwa kufa ni 8. Kwa nini? Kwa sababu vituo vya matibabu vilifunguliwa upesi, maji yalitiwa dawa, na watu kama 800,000 walipewa chanjo katika muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo msiseme kwamba baada ya balaa hakuna linalowezekana.

Kuna jambo jingine ambalo ni aibu kulitaja, lakini tutalitaja. Mwezi wa Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba wako wanawake waliolazimishwa kulala na viongozi wa mtaa ili wapate chakula cha msaada. Orodha ya majina ikikaa katika mfuko wa mtu mmoja, mtu huyo anakuwa mfalme. Mama mwenye watoto wenye njaa atafanya nini mbele yake?

Sasa mtauliza: je, kimbunga chaweza kufika kwetu? Kwa kawaida vimbunga havikai karibu na ikweta, na sisi wa Kenya tumekaa juu ya ikweta yenyewe. Ndiyo sababu hatuvioni mara kwa mara. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, kikazamisha vyombo bandarini. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Upepo wa siku moja ulihamisha riziki kutoka kisiwa kimoja hadi kingine! Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na huku kwetu watu wa pwani walionywa wasiingie baharini. Miezi hiyo hiyo, Machi hadi Mei 2024, mafuriko yalikuwa yakiua watu hapa Kenya, karibu 300. Hayo hayakuwa ya kimbunga kama Idai, lakini maji ni yale yale.

Basi tatizo liko wapi? Huko Msumbiji onyo lilitolewa siku kadhaa kabla. Wataalamu walikiona kimbunga kinakuja. Lakini kumwambia mama wa kijijini "kilomita 160 kwa saa" ni kumwambia nini? Yeye anataka kujua: Niondoke leo au kesho? Niende wapi? Mbuzi nimwachie nani? Mama mkwe asiyeweza kutembea atabebwa na nani?

Na tusinyoshe kidole kwa Msumbiji tu. Mwaka 2023, mvua za Novemba, kikundi kimoja tunachokitembelea kiko karibu na mto. Onyo lilikuja katika simu ya mwenyekiti, kwa Kiingereza, naye alikuwa safarini kwenye matanga. Lilisomwa katika mkutano wa Alhamisi. Maji yalikuwa yamefika Jumanne. Hakuna aliyekufa, tunashukuru, lakini sanduku la fedha, kitabu cha hesabu na magunia mawili ya mbegu yalikwenda na maji. Mama mmoja akatuuliza, "Na ninyi wa ofisini hamkujua?" Ndugu zangu, tulijua. Tulikuwa na onyo lile tangu Ijumaa. Tulilibandika ukutani. Ukuta hauna miguu. Tangu siku ile swali la mama yule tunatembea nalo, na ndiyo sababu tuko hapa leo.

Wako watu waliolijibu swali hilo. Nchi ya Bangladesh, kule Asia, iko chini karibu sawa na bahari. Novemba 1970 tufani iliua huko watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 serikali na chama chao cha Hilali Nyekundu walianza mpango wa wanavijiji wanaojitolea. Si wataalamu. Ni jirani mwenye bendera, kipaza sauti cha mkono na baiskeli, anayepita nyumba kwa nyumba kabla tufani haijafika. Zikajengwa pia nyumba za ghorofa za kukimbilia. Haikuwa kazi ya siku moja, kwa maana mwaka 1991 walikufa tena zaidi ya 130,000. Hawakuacha. Mwaka 2007 ikaja tufani kali iitwayo Sidr, wakafa kama 3,400. Hao nao ni wengi, kila mmoja ana mama yake. Lakini linganisheni na 300,000.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Helikopta ni fimbo ya mbali. Ya karibu ni kikundi chenu. Tunawaomba mfanye mambo matano kabla ya mvua kuanza:

1. Chagueni wapashaji habari wawili, mwanamke na mwanamume, si mwenyekiti peke yake. Kila mmoja apewe nyumba zake, na aanze na nyumba ya mwisho, ile ya mjane, ya mzee, au ya mtu mwenye ulemavu.

2. Onyo litafsiriwe katika lugha ya nyumbani, na liseme la kufanya: ondokeni lini, mwende wapi, mpite njia gani.

3. Kubalianeni na chifu, na mwalimu mkuu au katekista, ni jengo gani la juu litafunguliwa, na ufunguo unakaa kwa nani.

4. Kitabu cha hesabu kiandikwe nakala mbili zikae nyumba mbili. Mbegu kidogo ya kila mwanachama iwekwe mahali pa juu, ndani ya debe lenye kifuniko.

5. Msaada ukija, orodha isomwe hadharani, wanawake wakiwa kwenye kamati, na kila mtu ajue ni nani wa kumlalamikia.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mfadhili. Linahitaji mkutano mmoja na watu wa kutimiza neno lao. Sisi nasi tumejifunga hapa mbele yenu: onyo likitufikia halitabandikwa ukutani. Litapigiwa simu siku hiyo hiyo kwa wapashaji habari wote wawili. Tusipofanya hivyo, mtuulize kama alivyotuuliza mama yule.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

- Kwetu, nyumba ya mwisho ni ya nani? Nani atamwendea usiku?
- Maji yakija leo, ni nini cha kikundi kitapotea?
- Je, tunajua mvua ikinyesha wapi ndipo mto wetu hujaa?