Kuondoa Rangi ya Jeli bila Kukausha Kucha

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikundi cha akina mama, nayo yamechapishwa hapa kwa ajili ya watumiaji wote wa vipodozi.)



Tulidhani tungeulizwa juu ya krimu za kuchubua ngozi, kama ilivyo kawaida. Kumbe barua yenu ilitaja jambo moja tu: kwamba jeli inapopakwa hupendeza, lakini inapotoka huacha kucha zimekauka, zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa, na huchanika hata mtu anapofunga kifungo cha nguo. Mliuliza pia kama dawa ni kuiacha jeli kabisa. Tutangulize jibu letu. Jeli haiharibu sana ukucha kwa kukaa juu yake. Aghalabu huuharibu kwa jinsi inavyong'olewa, na kinachoharibu zaidi ni haraka.

Ukucha umejengwa kwa tabaka nyingi nyembamba za keratini, protini ile ile iliyomo katika nywele. Baina ya tabaka hizo mna maji na mafuta kidogo, na hivyo ndivyo vinavyouwezesha kupinda bila kuvunjika. Sehemu tunayoiona haina uhai. Haiwezi kujiponya kama ngozi iliyochubuka. Ikishaharibika hakuna budi kusubiri ikue hadi ncha na kukatwa. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo aliyeuparua leo atasubiri karibu nusu mwaka kuupata mpya mzima.

Sasa tuitazame rangi yenyewe. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu kiyeyushi chake hupotelea hewani, na ukiipaka kiyeyushi tena huyeyuka mara moja. Jeli haikauki hivyo. Chini ya ile taa ya saluni, chembe zake hushikamana na kufanya wavu mmoja mgumu. Asetoni haiuyeyushi wavu huo. Huupenya, huuvimbisha, na kuulegeza mpaka uachie ukucha. Kazi hiyo inahitaji muda, na asiyetoa muda hulazimika kukwangua. Anapokwangua, jeli huondoka na tabaka za juu za ukucha zilizoing'ang'ania. Vile vidoa vyeupe vyenye kukwaruza mnavyoviona baadaye mara nyingi ni mahali ambapo tabaka zimebanduliwa, wala si ukosefu wa kalsiamu kama wengi wanavyoambiwa.

Hatusemi haya kama watu wasiokosea. Mmoja wetu aliwahi kubandua jeli ya vidole kumi ndani ya daladala, akiwa kwenye foleni ya magari, kwa kuwa ukingo mmoja ulikuwa umeanza kuinuka na mkono haukutulia. Aliposhuka, kucha zote zilikuwa uchi. Kwa miezi minne hakuweza kumenya chungwa.

Kisa kingine ni kizito zaidi. Mama mmoja alitusimulia kwamba alifika hospitalini kujifungua kwa upasuaji akiwa na jeli nyekundu. Wauguzi walimtaka aitoe, na walikuwa na sababu: wakati wa upasuaji wahudumu hutazama rangi ya kucha, na kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kwenye kidole, hivyo rangi inaweza kukizuia kusoma sawasawa. Usiku ule hapakuwa na asetoni. Aliing'oa kwa meno. Tunaomba basi kila mjamzito aliyekaribia siku zake, na kila mwenye miadi ya upasuaji, aondoe jeli siku kadhaa kabla, kwa utulivu. Akishindwa vidole vyote, aondoe angalau viwili vya kila mkono na kuwaeleza wahudumu mapema.

Namna ya kuiondoa ni hii. Tenga saa nzima na ukae penye hewa, dirisha likiwa wazi. Kwanza sugua kwa msasa wa kucha ule mng'ao wa juu hadi rangi ifubae. Usisugue zaidi ya hapo, maana lengo ni kuifungulia asetoni njia, na msasa ukigusa ukucha umekwenda mbali mno. Kisha paka mafuta mazito ya mgando kwenye ngozi inayouzunguka ukucha na kwenye ncha ya kidole. Mafuta hayo ni ngao; asetoni itafanya kazi kwenye jeli na kuiacha ngozi. Lakini yasipande juu ya rangi, kwani yataizuia.

Kata pamba vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ukucha. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hutumia donge kubwa linalotiririka, au hutumbukiza vidole vyote kwenye bakuli, na mkono mzima unakaushwa kwa ajili ya eneo dogo kuliko punje ya hindi. Lowesha pamba kwa asetoni, iweke juu ya ukucha, kisha uizungushie kipande cha karatasi ya foili ili asetoni isipotee hewani. Subiri dakika 10 hadi 15. Waweza kufunika mikono kwa taulo iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa vizuri, maana joto kidogo huharakisha kazi. Ila asetoni yenyewe isipashwe moto kwa namna yoyote.

Fungua kidole kimoja tu. Jeli iliyokuwa tayari huonekana imejikunja na kuinuka kama ganda la rangi ya ukuta uliopata unyevu. Isukume taratibu kwa kijiti cha mbao, kutoka kwenye mzizi kuelekea ncha. Ikigoma, funga tena dakika 5. Ikigoma tena, funga tena. Chuma hakihitajiki katika hatua yoyote, iwe wembe, kisu au ncha ya mkasi.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji ili kuondoa mabaki, futa, na papo hapo pakaa mafuta kwenye ukucha na mzizi wake. Mafuta ya nazi yanatosha kabisa. Hatuoni sababu ya kumshauri mtu mwenye kipato cha kawaida anunue kichupa cha bei ghali. Yapakwe tena kila usiku na kila baada ya kufua au kuosha vyombo, kwa wiki mbili hivi. Mafuta hayaunganishi tabaka zilizokwisha kubanduliwa, ila huzuia maji yaliyobaki yasipotee upesi. Wakati huo kata kucha ziwe fupi, na uvae glavu unaposhika sabuni ya unga au dawa ya kusafishia.

Mtu akitaka kupaka jeli nyingine, ni hiari yake. Ushauri wetu ni kusubiri ikiwa kucha zinauma, ni nyembamba, au zina vidoa vile vyeupe. Jeli mpya juu ya ukucha mgonjwa huficha tu ugonjwa.

Kuhusu asetoni yenyewe, tunaomba mtuwie radhi kwa ukali. Tumeiona ikiuzwa katika chupa za maji ya kunywa, bila lebo, imewekwa chini ya meza ambapo watoto hucheza. Haina rangi, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Nunua chupa yenye lebo inayotaja yaliyomo, mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa iliyoandikwa kwamba haina asetoni hufaa kwa rangi ya kawaida lakini jeli haiiwezi, na mnunuzi huishia kukwangua akidhani ametapeliwa. Thina ya mafundi rangi na petroli havifai kabisa: ndani yake mna kemikali zisizokusudiwa kugusa mwili.

Isitoshe, asetoni hushika moto upesi mno. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na mwali. Kwa hiyo shughuli hii isifanywe jikoni penye jiko la mkaa, la mafuta ya taa au la gesi, wala kando ya mshumaa umeme ukikatika, wala karibu na mtu anayevuta sigara.

Saluni nako mteja ana haki. Kabla hujapakwa, uliza bei ya kuondoa na namna watakavyoondoa. Mahali ambapo kupaka ni rahisi na kuondoa hakuna bei, mara nyingi mteja hurudi nyumbani kuibandua mwenyewe. Mashine ya umeme ya kusugulia kucha si haramu mikononi mwa fundi aliyefunzwa, lakini ukihisi moto kidoleni, sema hapo hapo. Joto hilo ni dalili kwamba ukucha unakwanguliwa. Una haki ya kuomba asimame na kutumia asetoni. Nanyi mafundi, vaeni barakoa msugulapo, kwa maana vumbi hilo mnalivuta siku nzima ilhali mteja hulivuta dakika chache.

Kuna madhara yasiyotokana na ukavu, nayo yasichanganywe nao. Vidole vikiwasha, vikivimba, ngozi ikipasuka kuzunguka kucha au kope zikiota vipele, yamkini ni mzio wa kemikali za jeli. Mojawapo huandikwa HEMA kwenye lebo. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unataka bidhaa za kucha zenye kemikali hiyo zitumiwe na mafundi tu na ziwe na onyo la mzio. Mzio wa namna hii ukishaingia mara nyingi hudumu maisha yote, na kemikali za jamii hiyo hutumika pia katika kuziba meno. Mwenye dalili hizo aache jeli na amwone daktari wa ngozi, asizifunike kwa mafuta.

Dada mmoja ametuuliza kabla hatujaanza kuhusu udhu. Hukumu ya dini tunawaachia wenye elimu yake. Kwa upande wa kucha, anayehitaji maji yafike kwenye ukucha kila siku hatafaa kuweka na kutoa jeli kila wiki. Rangi ya kawaida au hina itamchosha kidogo zaidi lakini itamwumiza kidogo zaidi. Tunasema hina halisi, yenye wekundu wa kahawia. Piko nyeusi mara nyingi huchanganywa na rangi ya nywele, nayo inaweza kuunguza ngozi.

Mwenye chupa anayoitilia shaka asiitupe. Aiweke pamoja na risiti, apige picha ya lebo na ya kucha zake, kisha alete malalamiko. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Lalamiko lisilo na chupa husikilizwa, lakini ni vigumu kulifuatilia.

Zimebaki pamba zilizotumika. Zisitupwe jikoni wala kwenye pipa lenye majivu ya moto. Zitandazeni nje, penye upepo, mbali na watoto, hadi zikauke kabisa, ndipo zitiwe kwenye taka. Sasa tunapokea maswali.