HOTUBA KWA WANANCHI WA BUSWELU: KAZI YA WATAALAMU WA FIZIOTHERAPIA NA TIBA KWA VITENDO



Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali, jamaa hushukuru kwamba amepona. Kumbe kilichookolewa ni uhai. Mkono na mguu bado vinahitaji tiba. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye manufaa makubwa, nayo mara nyingi hupotea nyumbani, mgonjwa akilala kitandani na kufanyiwa kila kitu.

Tiba hiyo ina wataalamu wa aina mbili. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia mwendo: humfundisha mgonjwa kugeuka, kuketi, kusimama na kutembea, na huimarisha misuli iliyodhoofika. Kazi yake si kukanda kwa mafuta tu, kama wengi wadhanivyo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huanzia katika shughuli za maisha: kula, kuoga, kuvaa, kupika. Mkono usiporejea, hutafuta njia ya kufanya kazi ileile kwa mkono uliobaki, au hurekebisha kiti, chombo na choo. Wa kwanza humwezesha mvuvi wa Ilemela kufika tena ufukweni. Wa pili humwezesha kushona wavu wake akiisha kufika.

Fani zote mbili hufundishwa nchini, katika KCMC, Moshi. Aidha, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaja huduma za utengamao katika ibara ya 26. Kwa hiyo kuziomba si kuomba hisani.

Wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, jamaa wamwulize daktari habari za rufaa ya utengamao. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda.

(b) Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliolegea, kwani bega huweza kuteguka.

(c) Aachiwe kufanya analoliweza, hata kama anachelewa.

(d) Mtoto aliyepita miezi 9 bila kuweza kuketi mwenyewe apelekwe kliniki, asifichwe ndani.

Jamaa wanaomlisha mgonjwa awezaye kushika kijiko humpenda, lakini humnyima mazoezi. Kijiko na arudishiwe mwenyewe.