Taa Nyekundu ya Betri: Kupima Kwanza, Kununua Baadaye

Mada ya leo ni ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi.

Wengi wakiiona hukimbilia dukani kununua betri. Pesa zinatoka, betri mpya inafungwa, na baada ya siku mbili gari limezima tena. Sababu ni kwamba taa hiyo haisemi betri imekufa. Inasema betri haipati chaji ipasavyo wakati injini inanguruma. Betri inaweza kuwa mpya kabisa na taa ikawaka.

Dereva akifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa hii inapaswa kuwaka. Injini ikishika, alteneta huanza kuzalisha umeme na taa huzimika. Ikibaki inawaka, au ikiwaka safarini, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa kabla ya injini kuanza, hapo pia pana kasoro: huenda balbu imeungua au waya umekatika. Katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta.

Kwa nini jambo hili ni zito? Chukua mfano wa ambulensi inayoshuka usiku kutoka Wundanyi kupitia Mwatate kwenda Voi, ikiwa na mama anayekaribia kujifungua. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja hula takriban ampea 9. Ukiongeza pampu ya mafuta, feni, king'ora na taa za juu, matumizi yanaweza kufika ampea 25. Betri ya ampea-saa 60 iliyojaa, kwa hesabu ya karatasi, ingedumu saa mbili na dakika 24. Barabarani haifiki hapo, kwa sababu nguvu hushuka mapema. Betri iliyochakaa inaweza kuisha chini ya saa moja. Umeme ukiisha, si injini tu inayozima. Taa za mbele na za tahadhari nazo hufa, na gari linabaki gizani kwenye kona.

Kwa hiyo, taa ikiwaka safarini, dereva asimame mahali salama na kuangalia mkanda wa alteneta. Asitie mkono karibu na mkanda injini ikinguruma. Kama mkanda umekatika, na ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji, kama ilivyo katika magari mengi, asiendelee: injini itachemka na kuharibika. Kama mkanda upo na unazunguka, azime redio, kiyoyozi na chaja za simu, lakini usiku taa za mbele zibaki zikiwaka. Asizime injini ovyo, kwani stata inaweza kukosa nguvu ya kuiwasha tena. Mwenye mgonjwa apige simu mapema kuomba gari lingine, kabla halijazima.

Karakanani, kazi ianze na vitu vya bei nafuu. Mkanda uliolegea hukazwa, uliopasuka hubadilishwa. Vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe au wa kijani husafishwa na kukazwa. Waya wa ardhi na fyuzi hukaguliwa. Kisha mita ya volti itoe jibu.

Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6. Injini ikinguruma, katika magari mengi kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Kikibaki 12 na kuendelea kushuka, betri hailishwi. Kikipita 15, kidhibiti cha alteneta kina kasoro, na betri itachemshwa hadi iharibike. Magari mapya yanayoongozwa na kompyuta huweza kubadilisha viwango hivi, hivyo fundi afuate kitabu cha gari.

Kipimo kimoja zaidi huokoa pesa nyingi. Injini ikinguruma na taa kubwa zikiwaka, fundi apime kwenye nguzo ya alteneta, kisha kwenye betri. Alteneta ikisoma 14.2 na betri 12.4, alteneta ni nzima. Umeme unapotelea njiani, kwenye waya au kiungo kilicholegea. Zote mbili zikisoma chini, na mkanda, fyuzi na nyaya ziko sawa, ndipo alteneta ifunguliwe. Mara nyingi ni kaboni zilizokwisha, dayodi au kidhibiti, na fundi wa umeme wa magari huweza kubadilisha vipuri hivyo bila kununua alteneta nzima.

Kuna desturi moja ya kuachwa: kung'oa waya wa betri injini ikinguruma ili kuona kama gari litazima. Jambo hilo huweza kurusha umeme mkali unaounguza dayodi na kompyuta ya gari, na kugeuza hitilafu ndogo kuwa kubwa.

Kila asubuhi, kabla ya safari, dereva atazame taa ikiwaka na ikizimika. Isipofanya hivyo, aandike kwenye daftari la gari na amjulishe fundi siku hiyo hiyo. Ni kazi ya sekunde chache, na mgonjwa wa usiku huo ataitegemea.