Nani Ameshika Mlango wa Kazi? Ombi kwa Wenye Biashara wa Nyakach



Niliombwa nieleze katika semina hii njia za kuwashawishi wakuu wa biashara waunge mkono usawa wa wanawake na wanaume kazini. Kwa kuwa wakuu wenyewe mmeketi hapa, sitawasema, nitasema nanyi.

Jambo langu ni moja. Ubaguzi mwingi katika sehemu zetu za kazi haujaandikwa popote. Unakaa pale ambapo mtu mmoja, bila daftari wala shahidi, anaamua nani apate kazi leo na nani arudi nyumbani. Anayetaka kuuondoa aanzie hapo, na anayeweza kuanza mapema kuliko serikali, mahakama au mradi wowote ni mwenye biashara, maana mlango ni wake.

Ushahidi uko karibu. Ufuo wa Nduru uko hapa hapa Nyakach, na kila anayeijua biashara ya omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, anaujua mpangilio wake. Boti huingia ziwani usiku na taa, wanaume ndani yake, na hurudi alfajiri. Wanawake huwa wamesimama ukingoni, makarai mkononi, kanga zimelowa hadi magotini. Omena akishatoka kwenye boti, kazi iliyobaki ni ya mwanamke: kuanika, kugeuza, kufukuza ndege, kuombea mvua isinyeshe, kujaza magunia na kuyafikisha Kibuye au Katito. Tatizo ni kwamba makarai yanayosubiri ni mengi kuliko samaki wanaoshuka. Nani atauziwa? Anaamua mvuvi, peke yake, kabla jua halijachomoza. Hakuna foleni, hakuna orodha.

Hapo ndipo jaboya ilipoota mizizi. Mwanamke analipa pesa, kisha anadaiwa mwili wake pia, ndipo apate mzigo wa siku. Kadiri samaki walivyopungua ziwani, na viwanda vya kusafirisha mbuta ng'ambo vilivyozidi kuwanunua waliobaki, ndivyo nguvu ya aliyeshika samaki ilivyoongezeka. Madhara yake tumeyazika makaburini. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima katika kaunti ya Kisumu walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, huku kiwango cha nchi nzima kikiwa asilimia 4.9. Jaboya haikuleta yote hayo, lakini mtu wa kando ya ziwa hili hawezi kusema kwa dhati kwamba haimo.

Mwaka 2011 wanawake wa Nduru, wakisaidiwa na taasisi ya VIRED ya Kisumu na marafiki wa kutoka nje, walianzisha mpango uliokuja kujulikana kama No Sex for Fish, yaani hakuna ngono kwa ajili ya samaki. Walipata boti zao wenyewe. Wakaajiri wanaume wavue, wakawalipa, na samaki waliovuliwa wakawa wa mwenye boti. Hebu tazameni jambo hili kwa macho ya biashara. Ziwa lilikuwa lile lile, omena wale wale, wavuvi wale wale. Kilichobadilika ni jina la mwenye boti, na mwanamke aliyekuwa akibembeleza akawa ndiye anayegawa. Mahubiri juu ya jaboya yalikuwa yamesikika kwenye fuo zetu miaka mingi kabla ya hapo, na wahubiri walikuwa watu wa nia njema. Hayakuweza kufanya yaliyofanywa na umiliki.

Nisiwafiche upande wa pili. Boti ya mbao huchakaa, huvuja, hudai mbao mpya na nyavu mpya, na fedha za msaada zilizonunua boti hazikuwa na fungu la kuitengeneza kila mwaka. Kisha ziwa likapanda. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliiingia Nduru na kuwatoa watu katika nyumba zao. Ninachojifunza hapo ni kwamba mwanamke aliyepewa chombo bila mkopo wa kukitunza atarudi ukingoni na karai lake. Kwa hiyo viongozi wa sacco mlio hapa mna sehemu yenu kubwa. Mkopo unaodai hati ya shamba ni mkopo wa mwanamume, maana mashamba mengi ya huku yameandikwa majina ya wanaume. Dhamana ya kikundi, rekodi ya mauzo ya M-Pesa, au boti yenyewe iliyosajiliwa, zote ni dhamana ambazo mwanamke wa Nduru anaweza kuzileta mezani.

Sasa tuondoke ufuoni, twende langoni kwenu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya kinu cha mchele au kando ya shamba la miwa, watu wamesimama. Wengine wamekuja kupalilia, wengine kuchambua, wengine kubeba. Nyapara anatokea, anawatazama, ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Waliobaki wanageuka taratibu kurudi kwao. Mwenye biashara hayupo. Yuko benki, au yuko Kisumu mjini anafuatilia vipuri. Jioni ataletewa hesabu ya vibarua na atalipa. Hatajua kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa fundi kuliko wote wa kuchambua hakunyooshewa kidole kwa sababu jana jioni alikataa kusindikizwa nyumbani na nyapara. Pale langoni pana tofauti gani na ukingo wa Nduru alfajiri? Chakula cha watoto kiko mkononi mwa mtu mmoja, na hakuna anayeandika.

Hapa nawasemesha kama watu wa mahesabu. Nyapara anayechagua kwa upendeleo hakuchagulii wafanyakazi bora. Anatumia pesa yako kununua vitu vyake. Wewe unalipa ujira kamili kwa kazi nusu, na jina linaloharibika mtaani ni lako.

Dawa ya jambo hili ni rahisi kiasi cha kunishangaza kwamba wachache tu wameijaribu. Wekeni daftari la zamu, majina yaitwe kwa mfuatano, aliyekosa leo awe wa kwanza kesho. Daftari litiwe sahihi na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Ujira uende kwenye simu ya mfanyakazi mwenyewe, si mkononi mwa nyapara wala kwa simu ya mume. Na mfanyakazi ajue jina la mtu mwingine, asiye nyapara, anayeweza kumpelekea malalamiko bila kupoteza zamu yake. Gharama ya yote hayo ni daftari, kalamu, na uamuzi wa mwenye mali.

Wengine mtaniambia sheria haiwahusu kwa kuwa biashara zenu ni ndogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono na namna ya kuushughulikia. Ni kweli wengi wenu hamfiki idadi hiyo. Lakini kinachohitaji watu 20 ni hiyo taarifa ya maandishi. Kunyanyasa kwenyewe ni kosa hata pale penye mfanyakazi mmoja, akiwa ni muuzaji pekee katika duka la vifaa vya ujenzi. Kifungu cha 37 nacho kinafaa kusomwa na kila anayetumia vibarua: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, sheria haimtazami tena kama mtu wa kutwa. Wanawake wengi tunaowaita vibarua huku Nyakach wamekuwa vibarua kwa misimu na misimu.

Kuhusu ujira, kifungu cha 5 kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sikilizeni vizuri: thamani sawa, hata kama kazi zenyewe si moja. Wanaume wanaobeba magunia kinuni huhesabiwa kwa gunia. Wanawake wanaochambua mawe na pumba huhesabiwa kwa siku, na siku haina mwisho. Mchele usiochambuliwa haupati bei mjini. Je, kuna mtu aliyewahi kukaa chini akapima kazi hizo mbili, au tulirithi tu bei hizo kutoka kwa waliotutangulia?

Kuna nchi ya wavuvi iliyojifunza somo hili kwa siku moja. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake wa Aislandi waliacha kazi, za nje na za nyumbani, kwa siku hiyo. Viwanda vya samaki vilifungwa, kwa kuwa mikono iliyokuwa ikisafisha na kukata samaki ilikuwa mitaani. Akina baba walikwenda ofisini wakiwa wameshika watoto. Mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria ya usawa, na tangu mwaka 2018 kampuni yenye wafanyakazi 25 au zaidi inapaswa kuthibitisha kwamba inalipa sawa. Mzigo wa kuthibitisha ukawa wa mwajiri. Mfanyakazi hatakiwi tena kuwa mpelelezi wa mshahara wake mwenyewe.

Najua lalamiko litakalofuata, na mgala muue na haki yake mpe. Likizo ya uzazi nchini Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mzigo huo unamwangukia mwajiri. Mwenye duka la dawa mwenye wafanyakazi wawili akimlipa aliye nyumbani na kumlipa anayemshikia nafasi, anaumia kweli. Jirani zetu Watanzania wana mafao ya uzazi ndani ya mfuko wao wa NSSF. Sisi hatuna budi kulidai jambo hilo hapa, na ninyi wenye biashara ndio mngekuwa sauti nzito zaidi katika madai hayo, kupitia Shirikisho la Waajiri na vyama vyenu vya biashara. Ila mpaka hapo litakapopatikana, jibu haliwezi kuwa kuwakwepa wasichana kwenye usaili au kuwauliza lini wataolewa. Anayekwepa gharama hiyo anamtwisha msichana peke yake kazi ya kulizalia taifa zima. Nanyi akina baba, wiki mbili za likizo mnazopewa na Sheria ya Ajira zichukueni. Mwajiri akizoea kwamba mtoto humtoa kazini mama na baba pia, hofu ya kuajiri mwanamke itapungua.

Neno kwa wenzangu watetezi wa usawa. Tumekuwa tukiwaahidi wenye biashara kwamba wakiajiri na kuwapandisha wanawake faida itaongezeka. Mimi siahidi hivyo. Bei ya mchele hushuka, mto Nyando hufurika, kiwanda cha sukari huchelewesha malipo, na biashara yenye haki inaweza kupata hasara kama nyingine yoyote. Tukiifunga haki ya mwanamke kwenye faida, mwaka wa hasara atakuwa wa kwanza kuachishwa. Tuwaambie wenye biashara ukweli: mwanamke analipwa sawa kwa sababu amefanya kazi sawa. Wengi wao ni watu wa heshima na wataelewa. Tena tusiwaendee na mabango. Tuwaendee na kitabu chao cha mishahara, tukae nao faraghani, na anayeongoza mazungumzo awe mwenye biashara mwenzao aliyekwisha kubadili kwake. Mwanamume mwenye kinu akimwambia mwenye kinu mwenzake kwamba ameondoa uchaguzi wa kidole, atasikilizwa kuliko sisi tukirudia mara nyingi.

Wala tusiwafundishe watu kuingojea serikali. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 27, inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika nyadhifa za kuchaguliwa na za kuteuliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo, mpaka Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje, na halikuvunjwa. Phoebe Asiyo wa Karachuonyo, hapo ng'ambo tu ya mpaka wetu, alikuwa amepeleka hoja ya nafasi za wanawake bungeni mwaka 1997, ikaangushwa. Wakati huo Kisumu ilikuwa imeshaonyesha njia zamani: Grace Onyango alikuwa meya wake mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Bunge la watu mia kadhaa linaweza kuvutana miaka ishirini. Kamati ya sacco ya watu tisa inaweza kubadilika kwenye mkutano mkuu mmoja, na duka lako linaweza kubadilika Jumatatu.

Ombi langu basi ni hili. Kabla ya chakula cha mchana, kila mwenye biashara aandike kwenye karatasi mambo mawili: nani huchagua watu wake wa kazi asubuhi, na kazi gani kwake hulipwa kwa siku huku nyingine ikilipwa kwa kipimo. Karatasi hazitasomwa hadharani. Mchana tutagawanyika kwa aina ya biashara, watu wa mchele mezani pao, watu wa miwa pao, wa maduka na hoteli pao, na tutazifanyia kazi. Meza ya sacco ningependa ianze na suala la dhamana, na akina mama wa samaki wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza.