Haki ya Kukataa: Ulibertaria Mbele ya Dola, Soko na Ukoo



Nimeombwa nizungumzie ulibertaria, yaani ile falsafa ya siasa inayoshikilia kwamba mtu mzima ndiye mwenye nafsi yake na mali yake, na kwamba anayetaka kumlazimisha jambo, awe jirani, tajiri au waziri, ndiye anayepaswa kujieleza. Vyuoni kwetu falsafa hii hufundishwa harakaharaka, ikafungwa furushi moja na ubepari, ubinafsishaji na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ninaamini kwa kufanya hivyo tumeitupa sehemu yake iliyo bora. Hoja yangu ni kwamba uhuru wa mtu hupimwa kwa uwezo wake wa kukataa, na kipimo hicho, tukikitumia kwa uaminifu, hakiishii serikalini. Kitaingia dukani, kisha kitavuka kizingiti cha nyumba. Walibertaria wengi husita kizingitini hapo, nami nitasema kwa nini sioni sababu ya kusita.

Nianzie kwenye dola, maana hapo hoja yao ina nguvu kuliko kwingine, na ushahidi tunao wenyewe hapa Tanzania. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Uhuru na Maendeleo, akisisitiza kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba mtu asiingizwe katika kijiji cha ujamaa kwa nguvu. Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Mamilioni walihama. Wapo waliohama kwa moyo mkunjufu, na wapo walioona nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa moto ili wasiwe na pa kurudi. Ninaomba tukae hapa kidogo. Kati ya 1968 na 1973 shabaha ilikuwa ileile, na kiongozi alikuwa yuleyule. Kilichoondolewa ni "hapana" ya mkulima, na ilipoondoka hiyo, wataalamu hawakuwa tena na mtu wa kuwaambia kwamba pale walipopachagua maji ni ya shida au udongo haukubali mtama.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vijana walikwishavamia wasichana Kariakoo, wakiwashusha kwenye mabasi na kuwachania nguo kwa jina la utamaduni wa taifa. Wapo wanaolichukulia tukio hilo kama vituko vya zamani. Mimi nalichukulia kwa uzito mkubwa, kwa kuwa msichana yule hakuwa amemdhuru mtu. Kosa lake lilikuwa kupendezwa na kitu ambacho wakubwa hawakukipenda.

Kisha yakaja ya bei. Sheria ya kudhibiti bei ilipitishwa mwaka 1973, na Tume ya Taifa ya Bei ikawa inapanga bei ya vitu vingi mno vya madukani. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Friedrich Hayek, mchumi mzaliwa wa Vienna, alikwishaeleza mwaka 1945 kwa nini mpango wa namna hii hukwama hata ukiendeshwa na watu waadilifu. Ndani ya bei ya mche wa sabuni mna habari za mafuta yaliyoadimika, lori lililokufa njiani, kiwanda kilichokosa vipuri, na mama wa Manzese aliye tayari kulipa zaidi wiki hii kwa sababu ana mtoto mchanga. Hakuna ofisi inayoweza kuzikusanya habari hizo zote kwa wakati. Ofisi ikipanga bei bila habari hizo, sabuni huhama rafuni ikaenda kwa mlanguzi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na jibu la mwaka 1983 likawa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka watu wakitupa usiku mali walizonunua kwa fedha zao, wakihofia kukutwa nazo. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi, rafu zilianza kujaa.

Siwezi kusema kwamba dola ile haikufanya jema. Kampeni za kisomo ziliwatoa watu wazima kwa mamilioni kwenye kutojua kusoma, na mwanamke anayeweza kusoma mkataba ana uwezo wa kuukataa. Mlibertaria asiyelikiri hilo hajatazama vizuri. Lakini kisomo kilifaulu bila kuchoma nyumba za watu.

Dola inapoongeza mzigo na raia akabakiwa na njia nyingine, tunaona jinsi kukataa kunavyofanya kazi. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu. Hapakuwa na haja ya maandamano makubwa: wengi walipunguza kutuma, wakarudi kwenye fedha taslimu, na kufikia Septemba tozo ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 30. Mkulima wa 1973 hakuwa na nafasi kama hiyo.

Sasa soko. Shutuma kubwa dhidi ya matangazo ya biashara ilitolewa na mchumi John Kenneth Galbraith mwaka 1958 alipodai kwamba kampuni hutengeneza bidhaa, kisha hutengeneza na hamu ya kuitaka. Hayek alimjibu mwaka 1961 kwamba karibu kila tunachokipenda, hata muziki na fasihi, tumefundishwa na wengine, na kufundishwa hakukifanyi kisiwe chetu. Hapa ninasimama na Hayek, na shahidi wangu ni kanga. Hakuna aliyezaliwa akiitamani kanga. Wafanyabiashara wa pwani waliileta, wakaitangaza, wakabadilisha nakshi na majina kila msimu. Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887, aliweka alama ya "Mali ya Abdulla" ili mteja ajue anachonunua. Lakini wanawake ndio waliokuwa wakiamua. Nakshi waliyoikataa ilimdodea tajiri, na tajiri akajifunza kuwasikiliza. Huko Zanzibar, wanawake waliotoka utumwani baada ya 1897 waliacha kaniki na merikani, nguo za kitumwa, wakajifunga kanga zenye rangi ili kila mtu aone kwamba sasa wao ni waungwana. Ninapomsikia mtu akisema biashara ya mavazi ni upumbazaji mtupu, huwafikiria wanawake wale.

Mfanyabiashara basi anayo haki ya kunishawishi, hata kwa kelele. Haki hiyo inakoma pale anaponinyima nafasi ya kukataa. Ukiamka asubuhi ukakuta salio limekatwa kwa huduma ya ujumbe ambayo hukuiomba, hilo si tangazo, ni wizi, na halihitaji falsafa ndefu. Jambo gumu zaidi ni mikopo ya kausha damu. Mlibertaria mwepesi atasema mama aliyekopa alisaini mwenyewe. Alisaini, ndiyo, ila tuulize alisaini nini. Mara nyingi riba halisi haikusemwa, karatasi haikusomwa, na aliyechelewa hukuta kitanda, redio na sufuria vinabebwa, hata vile vilivyo mali ya mama mkwe ambaye hakukopa chochote. Mapatano humfunga aliyepatana. Kuchukua mali ya asiyepatana ni uporaji, na kuficha riba ni udanganyifu, mambo mawili ambayo ulibertaria wenyewe, tangu mizizi yake, huyahesabu kuwa aina za kulazimisha. Sheria inayomtaka mkopeshaji aseme riba kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili, kabla ya saini, haipunguzi uhuru wa mtu yeyote. Inamrudishia mkopaji "hapana" yake wakati bado ina faida.

Nikifika nyumbani ninaingia palipo pagumu. John Stuart Mill, mwandishi wa On Liberty ya 1859, aliajiriwa na Kampuni ya East India tangu 1823 hadi 1858, na katika kitabu hicho aliandika wazi kwamba kanuni yake ya uhuru haiwahusu watoto wala jamii alizoziona bado changa. Sisi, kwa hesabu yake, tulikuwa nje. Hilo lisemwe, na lisifunikwe. Lakini mtu huyohuyo, alipotaka kumwoa Harriet Taylor mwaka 1851, aliandika tamko la kukana mamlaka yote ambayo sheria ya Uingereza ilimpa mume juu ya mali na nafsi ya mke. Aliona kwamba mtu hawezi kumpinga mfalme barazani, halafu akarudi nyumbani kuwa mfalme.

Historia yetu ya pwani inalo somo lililo zito kuliko hilo. Amri ya 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa Zanzibar haikuwagusa masuria. Wao walihesabiwa kuwa watu wa nyumbani, na ndani ya nyumba, ilidaiwa, serikali haina kazi. Suria aliyetaka kutoka alipaswa kuthibitisha kwamba anatendewa ukatili. Mwanya huo ulikaa miaka 12, hadi 1909. Nikisikia leo mtu akisema kwa jina la uhuru kwamba familia iachwe ijitawale, ninauliza: ijitawale kwa sauti ya nani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya waoanao, na inakataza mwenzi kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Sheria hiyohiyo iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe. Shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi kupinga ruhusa hiyo lilipofika Mahakama Kuu mwaka 2016, vifungu vinavyoitoa vilitamkwa kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Binti wa miaka 15 ambaye ridhaa inatolewa na baba hajaridhia, ameridhiwa.

Nisieleweke kwamba ninaona kila deni la kindugu kuwa pingu. Chukueni michango ya harusi. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, ahadi zinaorodheshwa kwa majina, mhazini anakumbusha kila siku, na jina lako lipo pale mbele ya shangazi zako wote halina kiasi. Mill alionya kwamba jamii inaweza kumbana mtu kuliko afisa wa serikali, na anayebanwa na kamati ya harusi anamwelewa. Hata hivyo ninaitetea michango, hasa ya misiba na ya hospitali. Ni bima iliyojengwa na watu wenyewe bila amri ya mtu, na anayejitoa kwenye kundi hakuna mgambo anayemfuata. Aibu inauma, ila mtu anaweza kuivumilia na kesho akaamka akiwa na nyumba yake.

Shida ni yule asiye na nyumba yake wala shamba. Kukataa kunahitaji mahali pa kusimama. Walibertaria huiweka mali kwenye msingi wa uhuru, nami ninakubaliana nao kiasi cha kuwataka waifuate hoja hiyo hadi kwenye mirathi ya binti. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kurithi ardhi ya namna hiyo na kuiuza. Katika shauri hilo moja dola, soko na ukoo vimekutana, na dola imefanya kazi ambayo hata mlibertaria mkali anapaswa kuikubali: imelinda mali ya mtu dhidi ya jamaa zake.

Ninapendekeza kozi zetu za falsafa ya siasa zianze na hukumu hiyo kabla ya kumgusa Hayek au Mill. Na kwa vikundi vya mchana huu, ninaomba kikundi cha kwanza kilichukue Tamko la Sheria za Mila la 1963, ambalo kanuni zake za urithi humpa binti fungu dogo kuliko la ndugu zake wa kiume, kilisome kifungu kwa kifungu, kikiuliza katika kila kimoja ni nani amenyimwa nafasi ya kusema hapana.