Uso Si Namba ya Siri



Namba ya siri ikiibiwa twaibadilisha. Uso ukiibiwa hatuna mwingine. Mashine ya kutambua nyuso huugeuza uso kuwa safu ya tarakimu, kisha huilinganisha na zilizokwisha kuhifadhiwa. Jibu lake ni kadirio la kufanana, wala si ushahidi.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walijaribu programu tatu za kutambua jinsia kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi, katika programu moja, yalifika asilimia 34.7. Sisi tulio weusi na tusikie.

Huko Marekani, Januari 2020, polisi wa Detroit walimkamata baba mmoja mweusi mbele ya mkewe na binti zake, kwa tuhuma ya kuiba saa dukani. Mashine ilikuwa imefananisha picha ya leseni yake na ya mwizi. Akalala mahabusu bila kosa. Mwaka 2024 polisi wa mji ule walikubali kutomkamata mtu kwa jibu la mashine pekee.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu alama za mwili zimtambulishazo mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini mwenye njaa hukubali lolote. Kwa hiyo, akija mtu kupiga picha za nyuso kwa ajili ya mkopo au msaada wa chakula, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wamwulize kabla foleni haijaanza: zitahifadhiwa wapi, nani atazitazama, zitafutwa lini, na asiyetaka kupigwa picha atapataje fungu lake?