Jenereta Yako na Waya wa TANESCO

Ndugu mkulima wa Nyakanazi, Ngara na Biharamulo, leo tuzungumze juu ya umeme unaouzalisha mwenyewe.

Zamani miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea mashine za dizeli za TANESCO. Sasa hapa Nyakanazi pana kituo cha kupozea umeme, na njia ya kilovolti 220 inakuja kutoka Geita. Kule Rusumo, mto Kagera unaendesha mitambo ya megawati 80, na umeme wake wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, umeme hukatika. Mwenye mashine ya kusaga anaona foleni ya debe za mahindi, basi ananunua jenereta. Hatari huanzia hapo.

Wako wanaochomeka waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani. Taa zinawaka, mtu anafurahi. Lakini umeme ule haubaki nyumbani. Unatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha volti 33,000 kuwa 400, ukiilisha kwa nyuma, hupandisha. Fundi aliye juu ya nguzo, akidhani waya hauna umeme, anaweza kupoteza maisha. Na umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, jenereta yako itaungua.

Kanuni ya kwanza, basi: weka swichi ya kubadilishia, ile tunayoiita chenjiova. Ikielekea kwenye jenereta, waya wa TANESCO umetengwa. Ikielekea TANESCO, jenereta imetengwa. Haviwezi kukutana. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kanuni ya pili ni ya anayetaka kuingiza umeme kwenye gridi. Usiunganishe kabla hujakubaliana na TANESCO. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mtambo usiofika megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha, lakini EWURA iufahamu. Kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10, upo utaratibu wa mkataba wa wazalishaji wadogo. Mwenga kule Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4, umefuata njia hiyo tangu 2012. Na kanuni za mwaka 2018 zinamruhusu mteja mwenye sola kuingiza ziada yake, ihesabiwe kwenye matumizi yake.

Kanuni ya tatu: mtambo uende sawa na gridi, kwa volti ile ile na mizunguko 50 kwa sekunde. Gridi ikizimika, ujitenge wenyewe mara moja. Ndiyo maana sola ya namna hiyo isiyo na betri huzimika hata jua likiwa kali. Haijaharibika, inamlinda fundi.

Ndugu yangu, kabla hujavuta kamba ya jenereta jioni ya leo, fuata waya wake kwa macho uone unaishia wapi. Kama unaishia kwenye soketi, uchomoe, kamwite fundi. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.